Ujira Si Sadaka

Katika nyumba nyingi za Wakristo yumo msichana apikaye, afuaye nguo na kulea watoto. Mwisho wa mwezi huambiwa, "Ngoja kidogo, mambo ni magumu." Jumapili, mwenye nyumba hutoa sadaka kanisani.

Haki hutangulia mapendo. Hatuwezi kumtolea Mungu fedha iliyo mali ya mtumishi wetu. Sheria ya Musa iliagiza kibarua maskini alipwe kabla ya jua kuchwa, na Katekisimu huhesabu kumdhulumu mfanyakazi ujira wake kati ya dhambi zinazolilia mbinguni. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi: ujira sharti umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi kupata riziki yake. Basi asiseme mtu, "Alikubali mwenyewe." Mwenye njaa hukubali lolote.

Enyi wazazi, mwezi huu mlipeni mtumishi wenu kwanza, ndipo mpange matumizi mengine. Watoto wenu wanawatazama; hapo ndipo wanapojifunza amri ya saba.