PLASTIKI NA MOTO: SOMO LA JIKONI

Mwezi huu twataka kujifunza juu ya jambo lililo dogo machoni petu, nalo ni vumbi la plastiki liingialo katika chakula na maji ya kunywa. Twawaomba walimu walisome somo hili pamoja na akina mama na vijana, kisha waulizane maswali yaliyo mwishoni. Wanaume nao wasiseme, "Hayo ni mambo ya jikoni." Maana aletaye ndoo na mifuko nyumbani mara nyingi ni baba, na alaye ni kila mtu.

I. Vumbi hili ni nini?

Plastiki hutengenezwa viwandani, na nyingi yatokana na mafuta na gesi zichimbwazo ardhini. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyekaa Marekani, alitengeneza plastiki ya kwanza isiyotokana na mimea wala wanyama. Tangu hapo imeenea ulimwenguni mwote, hata sasa zaidi ya tani milioni 400 hutengenezwa kila mwaka.

Hatuikatai sifa yake. Ni nyepesi, haivunjiki upesi, tena bei yake yapatikana na maskini. Mtoto achukuaye maji katika dumu halemewi kama achukuaye mtungi. Lakini ina tabia moja isiyo njema: haiozi. Mti huoza ukawa udongo, na kitambaa cha pamba kadhalika. Plastiki hukatika-katika tu, ikawa vipande vidogo, na vipande vikawa vumbi, na vumbi likazidi kuwa jembamba hata jicho lisilione.

Vipande vilivyo chini ya milimita 5 huitwa mikroplastiki. Jina hilo lilienea tangu mwaka 2004, Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alipoandika pamoja na wenzake juu ya vipande walivyoviona katika mchanga wa pwani na maji ya bahari. Wala msidhani ni habari ya ng'ambo tu. Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya samaki walionunuliwa Mwanza: katika matumbo ya sangara na sato waliopasuliwa, plastiki ilithibitishwa kwa samaki 1 katika kila 5. Basi mama atoaye matumbo ya samaki vizuri kabla ya kupika amekwisha kupunguza sehemu yake.

II. Je, laingia mwilini, nalo ladhuru?

Kwamba laingia, hapana shaka tena. Mwaka 2022 mabingwa wa Uholanzi waliipima damu ya watu 22 wenye afya, wakaona plastiki katika damu ya watu 17. Kwamba ladhuru kwa kiasi gani, hapo yatupasa kusema kwa uangalifu. Mwaka 2024 waganga wa Italia walitangaza habari ya wagonjwa 257 waliopasuliwa mishipa ya shingo iliyoanza kuziba. Katika uchafu ulioondolewa, 150 walionekana kuwa na plastiki. Na hao, katika muda usiotimia miaka 3, walikuwa na hatari ya kupatwa na shambulio la moyo, au kiharusi, au kufa, iliyozidi mara 4 ile ya wenzao. Lakini waganga hao hawakusema kwamba plastiki ndiyo iliyoleta hayo. Walisema tu kwamba mambo hayo mawili yameonekana pamoja, na kwamba yafaa kuchunguzwa zaidi.

Basi mtu mwenye akili afanyeje? Asiogope kama aliyeona nyoka kitandani, wala asidharau na kusema, "Mbona tumekula hivi miaka yote?" Haba na haba hujaza kibaba. Ikiwa jambo laweza kupunguzwa pasipo gharama wala taabu, kulipunguza ni busara, hata kabla ya wenye elimu kumaliza mashauri yao.

III. Kanuni moja ya kushika

Mtu akisahau yote tuliyoandika, na ashike neno hili moja: kitu cha moto kisikutane na plastiki. Vumbi hutoka katika plastiki kwa njia nyingi, kama kukwaruzwa, kuchakaa na kukaa juani. Lakini jikoni njia iliyo kubwa ni joto.

Twaijua kanuni hii kwa kupimwa. Mwaka 2020 mabingwa wa Chuo cha Trinity, Dublin, waliyapima maji yaliyotiwa katika chupa za plastiki za kunyonyeshea watoto. Maji ya vuguvugu la hewa, yaani digrii 25, yalikuwa na vipande laki 6 kwa lita moja. Maji ya digrii 95, yaliyo karibu na kuchemka, yalikuwa na vipande milioni 55. Chupa zilikuwa za namna moja. Kilichobadilika ni joto. Kadhalika mwaka 2019, huko Montreal, Kanada, kifuko kimoja cha chai kilichofumwa kwa plastiki kilipotiwa katika maji ya moto kilitoa vipande zaidi ya bilioni 11.

Sasa tuyatazame majiko yetu. Iko desturi iliyoenea ya kufunika wali, au ndizi, au makande, kwa mfuko wa nailoni ili mvuke usitoke na chakula kiive upesi. Huko Uganda matoke hupikwa kwa mvuke yakiwa yamefungwa katika majani ya mgomba, lakini wako waliokwisha kuyaacha majani wakatumia mifuko, nayo huiita kaveera. Ni kweli Kenya ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu mwezi wa Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Lakini karatasi za nailoni hazijaondoka jikoni.

Desturi hiyo yafaa iachwe kabisa. Mfuko mwembamba hulegea katika joto lililo karibu na la maji yachemkayo, na mvuke ukiisha kuugusa hudondoka tena juu ya chakula. Tena mifuko mingi haikutengenezwa kwa ajili ya chakula. Ina rangi na dawa za kiwandani zisizopasa kuliwa. Bibi zetu waliupika wali ukaiva pasipo nailoni. Walifunika kwa majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni, au kwa mkungu wa udongo, wakapalia makaa juu. Kifuniko cha sufuria kilichowekewa jiwe juu kitafanya kazi ile ile. Na wanunuao chipsi au maandazi ya moto, au chai ya kuchukua, waende na bakuli la bati au chupa ya chai yao, wasipokee katika mfuko.

Kwa chai, desturi yetu ya kuchemsha majani katika sufuria ni njema kuliko vifuko. Lakini tuangalie chujio! Watu wengi huchuja chai ichemkayo kwa chujio cha plastiki, kutwa mara mbili, miaka nenda rudi. Chujio cha waya wa chuma huuzwa sokoni, nacho hudumu.

IV. Chakula cha mtoto

Hapa twaomba mama wasikilize sana, maana nusu ya neno yaweza kuua. Kwa mtoto asiyetimiza miezi 6 maziwa ya mama yatosha, wala hayahitaji chupa. Lakini ikiwa mama amefariki, au ni mgonjwa, na mtoto analelewa kwa maziwa ya unga, mtu asiseme, "Nimesoma kwamba maji ya moto ni mabaya, basi nitakoroga kwa maji baridi." La, hasha! Unga wa maziwa waweza kuwa na vijidudu, na Shirika la Afya Ulimwenguni lafundisha kwamba ukorogwe kwa maji yaliyochemka, yasiyopoa chini ya digrii 70. Kinachobadilika ni chombo tu. Koroga katika bilauri ya kioo iliyo imara au kikombe cha chuma, kilichosafishwa kwa maji yanayochemka. Funika, ngojea yapoe hata yawe vuguvugu, ndipo uyatie katika chupa. Na chupa ikiisha kuchemshwa, isuuze mara 3 kwa maji yaliyochemshwa katika sufuria yakapoa.

Iko na njia iliyo nyepesi zaidi, nayo ni kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo cha chuma na kijiko. Kikombe huoshwa vema kuliko chupa, maana hakina pembe za kujificha uchafu.

V. Maji ya kunywa

Wengine wakisikia habari hizi hudhani kwamba maji ya kununua ni salama kuliko ya nyumbani. Mwaka 2024 mabingwa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliyapima maji ya chupa za dukani, wakaona vipande vya plastiki wapata 240,000 katika lita moja, vingi vikiwa vidogo mno. Basi chupa si kimbilio, hasa zile zilizopangwa juani kando ya barabara kutwa nzima.

Jambo la kufurahisha ni hili: kuchemsha maji, tulikofundishwa tangu zamani kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo, kwasaidia hapa pia. Mwaka huo huo wa 2024 huko Guangzhou, China, ilionekana kwamba maji magumu yakichemshwa dakika 5, ile chokaa ifanyayo ukoko mweupe katika birika hukamata vumbi la plastiki na kuzama nalo. Yakichujwa baadaye, vipande hupungua hata sehemu 9 katika 10. Kwa maji laini hupungua kama robo tu. Basi chemsha katika sufuria, funika, acha yapoe na kutulia humo humo, kisha uyachuje polepole. Ukoko ulio chini usiuchanganye. Usiyamimine yakiwa ya moto katika ndoo au dumu. Yakiisha kupoa yahifadhiwe katika mtungi wa udongo wenye kifuniko, na kata ya kuchotea.

Mwenye dumu tu na asihuzunike. Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema mwaka 2019 kwamba vijidudu vya maradhi katika maji ni hatari kubwa kuliko vumbi la plastiki. Maji yaliyochemshwa, yaliyo katika dumu safi, ni bora mara nyingi kuliko maji mabichi katika mtungi mzuri.

VI. Mambo mengine ya nyumbani

Vyombo vilivyokwaruzwa. Bakuli la plastiki lililopauka, au lenye mikwaruzo, hutoa vumbi kuliko jipya. Lisitumike tena kwa chakula. Liwekee misumari au vibanio vya nguo. Visahani vya plastiki visisuguliwe kwa waya wa masufuria. Sponji nayo ni plastiki. Dodoki na makumbi ya nazi husugua vema, tena huota kwetu.

Ubao wa kukatia. Kisu hukata ubao wa plastiki kila siku, na makombo yake huingia katika mchicha na nyama. Ubao wa mti wafaa zaidi, mradi uoshwe kwa sabuni na kuanikwa juani.

Kuwasha moto. Wako wawashao mkaa kwa kipande cha ndoo au mfuko. Moshi wake una sumu, na matone yake hushika makaa yatakayochoma mahindi. Magunzi makavu, vifuu na majani makavu hayana madhara hayo.

Vumbi la nyumba. Mazulia, mapazia na nguo nyingi za siku hizi ni nyuzi za plastiki, nazo hupukutika. Desturi ya kunyunyiza maji kabla ya kufagia ni njema, isiachwe. Na sakafu ya saruji ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, hasa panapotambaa mtoto.

VII. Tuanzie wapi?

Hatuwaambii wasomaji watupe vyombo vyote na kununua vingine. Mjane mwenye ndoo mbili na sahani nne asilemezwe na somo hili. Twashauri utaratibu huu.

Leo, pasipo senti moja: acheni nailoni juu ya chungu; acheni kuwasha moto kwa plastiki; pozeni chakula na maji kabla ya kuvitia katika plastiki; nyunyizeni maji kabla ya kufagia.

Chombo kinapochakaa: badala yake nunueni cha bati, chuma, kioo, udongo au mti, kimoja kimoja.

Fedha ikipatikana: anzeni na chujio cha chai, kikombe cha mtoto, na mtungi wa maji.

Na katika karamu zetu za harusi na za usharika, ambako ubwabwa wa moto hupakuliwa katika sahani za plastiki nyembamba, wazee na waafikiane kununua sahani za bati za shirika. Zitakopeshwa nyumba kwa nyumba, zikioshwa na kurudishwa, nazo zitadumu miaka mingi.

MASWALI

1. Kwa nini plastiki huwa vumbi, wala haiozi kama mti?
2. Maji ya digrii 25 na ya digrii 95 yalitofautianaje katika chupa moja?
3. Mama asomaye somo hili akakoroga maziwa ya unga kwa maji baridi, amekosea nini?
4. Maji mabichi katika mtungi, na maji yaliyochemshwa katika dumu safi: yapi ni bora, na kwa nini?
5. Katika jiko lako, ni mahali gapi ambapo moto na plastiki hukutana? Vitaje, kisha utaje utakachokiacha juma hili.