Kioo cha Laptopu Kimepasuka na Duka Linasema Umekiangusha: Jinsi ya Kudai Dhamana Yako Mombasa

Usiku laptopu imefungwa ikiwa nzima. Asubuhi inafunguliwa, kioo kina ufa unaoanzia pembeni na doa jeusi linalotambaa kama wino. Haikuanguka, haikukaliwa, haikumwagikiwa maji. Mwenyewe anavuka feri kutoka Likoni, au anapanda matatu ya Magongo mpaka kisiwani, anaingia dukani alikonunua akiwa na risiti na kadi ya dhamana ya mwaka 1. Kijana wa kaunta anaigeuza mara moja, kisha anasema: "Hii umeiangusha, ndugu yangu. Dhamana haishughulikii kioo." Watu wengi hurudi nyumbani baada ya jibu hilo na kuanza kuchanga pesa za kioo kipya. Si lazima iwe hivyo. Jibu la kaunta si uamuzi wa mwisho, na mara nyingi si uamuzi hata kidogo: hakuna aliyeichunguza hiyo laptopu.

Hata hivyo, kabla ya kugombana na mtu, ujue kioo chako kimepasukaje, maana si kila ufa ni kosa la muuzaji.

Skrini ya laptopu ni vioo viwili vyembamba vilivyobandikwa pamoja, katikati mna umajimaji unaopitisha au kuzuia mwanga. Kioo kikipasuka, umajimaji huo huvuja na ndio hufanya lile doa. Nyufa zikitawanyika kutoka nukta moja, na hasa kama kuna kovu kwenye mfuniko upande wa nyuma mahali hapohapo, hilo ni pigo au mbano. Kesi ya namna hiyo ni ngumu sana kushinda. Mkoba uliobanwa katika msongamano wa feri ya jioni, au uliowekwa chini ya mizigo ya watu ndani ya matatu, unaweza kupasua kioo bila laptopu kuanguka. Kadhalika kalamu au kifaa cha masikioni kilichosahaulika juu ya kibodi, mfuniko ukafungwa juu yake. Mwaka 2020 kampuni ya Apple iliwaonya wenye MacBook wasizifunge zikiwa na kifuniko cha plastiki juu ya kamera, kwa kuwa nafasi kati ya skrini na kibodi ni ndogo mno. Mwaka uliofuata wenye MacBook za M1 walilalamika kwamba skrini zao zilipasuka bila sababu waliyoijua, na baadhi yao wakafungua kesi Marekani. Jiulize kwa ukweli. Ikiwa unajua kilichotokea, dhamana ya kawaida haikuhusu, na barua kali haitabadilisha hilo.

Mambo huwa tofauti ufa ukianzia ukingoni karibu na bawaba. Fungua mfuniko polepole usikilize. Bawaba ni ngumu kupita kiasi? Fremu ya plastiki inaachana na mfuniko? Kuna skrubu iliyochomoka? Katika laptopu nyingi za bei nafuu bawaba hushikiliwa na plastiki, na plastiki ikishindwa, kila ukifungua mfuniko nguvu yote inaelekea kwenye kona ya kioo. Hilo ni tatizo la uundaji, na hapo una hoja nzito. Tazama pia betri. Kama sehemu ya kugusia kidole imeinuka au laptopu haikai sawa mezani, betri imevimba na huenda ndiyo iliyosukuma kioo. Acha kuichaji, usiibonyeze wala usiitoboe, kwa sababu betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto. Na kama unaona mistari ya rangi tu bila ufa wowote unaoonekana ukimulika tochi, hicho hakijapasuka. Huenda ni waya wa skrini au skrini yenyewe iliyoharibika ndani, na duka halina haki ya kukuingiza katika fungu la walioangusha.

Dhamana zako ni mbili, na duka hupenda kuzungumzia moja. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa kwenye kadi. Ya mtengenezaji kwa kawaida hushughulikia kasoro za vifaa na uundaji, si ajali. Ile ya duka mara nyingi huondoa kioo, betri na chaja. Isome neno kwa neno. Kusema "ajali haimo" si sawa na kusema "kioo hakimo", na kama kadi inasema la kwanza tu, muuzaji hawezi kulisoma kama la pili. Angalia vilevile kama dhamana ya mtengenezaji inafanya kazi Kenya. Laptopu nyingi za Mombasa zimepitia Dubai au Uingereza, na HP, Dell na Lenovo zote zina ukurasa ambapo unaandika namba ya utambulisho iliyo chini ya laptopu, ukaambiwa dhamana inaisha lini.

Dhamana ya pili haimo kwenye kadi, imo kwenye sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora wa kuridhisha, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kulinda Watumiaji, Nambari 46 ya 2012, inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi kwamba bidhaa yake ina ubora unaostahili kuuzwa, awe ameandika hivyo au hakuandika. Sheria hiyohiyo inasema kwamba sharti lolote linalojaribu kufuta ahadi hiyo ni batili. Kwa hiyo yale maneno yaliyopigwa mhuri kwenye risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hayawezi kumkinga aliyekuuzia kitu kibovu. Na anayewajibika kwako ni yule aliyepokea pesa zako. Akikuambia umtafute mtengenezaji Nairobi au ng'ambo, mjibu kwamba wewe uliuziana naye.

Laptopu ya mitumba nayo inalindwa, ingawa hutarajii iwe kama mpya. Lazima ifanane na ilivyoelezwa na ifanye kazi kwa muda unaolingana na bei na umri wake.

Hapa kuna ugumu ambao ni vyema uujue mapema. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya kuuziana, na ni kazi ya muuzaji kuonyesha vinginevyo. Kwetu, chini ya Sheria ya Ushahidi, anayedai ndiye anayethibitisha. Tena jambo ambalo mtu mmoja ndiye anayelijua kwa karibu, yeye ndiye anayetakiwa kulieleza, na laptopu ilikuwa kwako. Naona mzigo huu ni mzito mno kwa mwanafunzi wa Mtongwe au fundi cherehani wa Mlaleo, na Bunge lingefanya vyema kuupunguza. Lakini kiwango kinachotakiwa si uhakika kamili. Unatakiwa uonyeshe kwamba maelezo yako yana uwezekano mkubwa kuliko yale ya upande wa pili. Na muuzaji anayesema "umeiangusha" naye ametoa dai, ana kazi ya kulionyesha.

Ndiyo maana siku ya kwanza ina thamani kuliko siku zote zitakazofuata. Piga picha kabla ya kugusa chochote: ufa kwa karibu, kona zote nne, mfuniko kwa nyuma, bawaba, na namba ya utambulisho. Piga video ukiifungua na kuifunga. Pitisha ukucha juu ya ufa, na kama ukucha haukwami, useme hivyo kwenye video. Iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitoka sawa, umejua ni skrini peke yake, na umepata nafasi ya kunakili kazi zako kabla ya kuiacha mikononi mwa watu. Kisha mtumie muuzaji ujumbe wa WhatsApp siku hiyohiyo, wenye picha, ukisema umegundua nini na saa ngapi. Ukikaa na bidhaa kwa muda mrefu bila kusema neno, sheria inaweza kukuhesabu kuwa umeikubali ilivyo.

Usimpe fundi wa mtaani aifungue. Stika ya duka ikikatika, hoja yako inadhoofika nayo. Ukitaka maoni ya fundi mwingine, na ni jambo zuri, mwambie atazame kwa nje na aandike alichokiona: tarehe, jina lake, namba ya laptopu, ufa umeanzia wapi, bawaba zikoje, kuna kovu la pigo au hakuna. Nusu ukurasa inatosha.

Dukani usiiache laptopu bila karatasi ya kupokelewa inayoeleza hali yake: ufa uko wapi, mfuniko hauna alama. Usiandike nenosiri lako humo. Wakikataa dai, sema kwa adabu: "Sawa, naomba uniandikie mliyoyaona na sababu ya kukataa, na fundi aliyeichunguza atie sahihi." Ombi hili ndilo zito kuliko yote. Kutamka "umeiangusha" ni rahisi. Kuandika mahali pigo lilipotua, wakati hakuna alama ya pigo, ni vigumu, na wauzaji wengi hapo ndipo huanza kuzungumza lugha nyingine. Wakikupa karatasi yenye maneno mawili tu ya Kiingereza yanayokulaumu wewe, uliza ni alama ipi imewafanya waseme hivyo, nao waiongeze.

Kama una mtihani au kazi na huwezi kusubiri, unaweza kulipia kioo bila kupoteza dai lako. Andika kwenye karatasi ya duka kwamba unalipa huku ukipinga. Na uondoke na kioo cha zamani. Kile kipande kilichovunjika ni ushahidi wako, usikubali kitupwe.

Wasiposikia, andika barua. Haihitaji wakili wala maneno makubwa. Taja tarehe na mahali uliponunua, bei, namba ya laptopu, siku ulipoona ufa na siku ulipowaarifu. Halafu: "Laptopu hii haikuanguka wala kupata pigo. Ripoti ya fundi niliyoambatisha inaonyesha ufa umeanzia kwenye bawaba. Chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji, mlipaswa kuniuzia bidhaa yenye ubora unaostahili. Naomba muitengeneze bila malipo, mnipe nyingine, au mnirudishie pesa, ndani ya siku 14. Baada ya hapo nitawasilisha madai mahakamani." Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe mhuri au itiwe sahihi, na uitume pia kwa WhatsApp.

Unaweza pia kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo kazi yake inagusa wauzaji wanaodanganya kuhusu dhamana. Inafaa hasa unapoona duka linawafanyia wengi hivyohivyo. Usitegemee ikuletee pesa zako haraka.

Mahali pa kupata pesa ni Mahakama ya Madai Madogo, nayo ipo Mombasa. Ilianzishwa na sheria ya 2016, ikaanza kazi Nairobi 2021, na inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mauziano ya bidhaa. Sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe, na mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo picha zako, ujumbe wa WhatsApp na ile nusu ukurasa ya fundi vinaweza kusikilizwa. Madai hufunguliwa kwa mtandao wa Idara ya Mahakama, na kama hujui pa kuanzia, uliza kwenye masijala ya mahakama.

Kesi nyingi huyumba mwanzoni kwa sababu ya jina. Bango la duka si lazima liwe jina la mwenye duka. Tazama jina na PIN ya KRA kwenye risiti ya eTIMS, linganisha na jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa ulipolipa, kisha utafute kwenye eCitizen, upande wa Huduma ya Usajili wa Biashara, ujue kama ni kampuni au ni jina la biashara la mtu. Kama ni jina la biashara tu, unamshtaki mwenyewe, si bango.

Kwa anayenunua leo, fungua katoni palepale kaunta. Washa, weka ukurasa mweupe, fungua na ufunge mfuniko mara kadhaa, tazama kona. Kama unaagiza kutoka Luthuli Avenue kule Nairobi na mzigo unakuja kwa basi, kubaliana kwa maandishi kwamba muuzaji anawajibika mpaka ufike mkononi mwako, kwa kuwa bila makubaliano hayo kumkabidhi msafirishaji kunaweza kuhesabiwa kuwa amekukabidhi wewe. Ufungue mbele ya aliyeuleta.

Na ikiwa laptopu yenye kioo kilichopasuka imekaa kabatini tangu duka lilipokukatalia, dai lako halijafa. Madai ya mkataba yana miaka 6 kisheria. Ila stika hubanduka, ujumbe hufutika na maduka huhama, kwa hiyo itoe leo, ipige picha, na uandike barua yako wiki hii.