Mikono Kifuani, Hukumu Mbili

Swali: Kikaoni, mwanamume akikunja mikono kifuani husemwa anatafakari. Mimi nikifanya hivyo naambiwa nimenuna. Je, kuna kitu mwili wangu unasema nisichokijua?

Jibu: Hapana, dada. Mkao ni uleule. Tofauti iko kwenye jicho la mtazamaji. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani, John na Sandra Condry, walichapisha matokeo ya jaribio moja: watu walionyeshwa filamu ya mtoto wa miezi 9 akishtuliwa na mwanasesere anayechomoka ghafla kisandukuni, kisha akilia. Filamu ilikuwa moja kwa wote. Walioambiwa ni mvulana walielekea kuona hasira. Walioambiwa ni msichana, hofu. Kilio kilekile, majina mawili.

Yupo atakayepinga akisema kwamba wanawake na wanaume hawakai sawa. Ni kweli kwa kiasi, maana msichana hufundishwa mapema kubana magoti na kuinamisha macho, huku kaka yake akiachwa ajitanue kitini. Lakini hilo linaeleza kwa nini mikao hutofautiana, si kwa nini mkao mmoja upewe maana mbili. Isitoshe, mikono iliyokunjwa yaweza kuwa baridi ya kiyoyozi, uchovu, au kiti kisicho na pa kuegemeza viwiko. Kwa hiyo ukiambiwa umenuna, uliza kwa upole: ni neno gani nililosema, au jambo gani nililofanya, limeonyesha hivyo? Asiye na la kutaja amesoma mazoea yake, hajakusoma wewe.