Daawa ya Arbuni: Mgeni, Mwenye Nyumba na Mahakama ya Mwanzo

Kila ifikapo Disemba, na tena shule zifungwapo katikati ya mwaka, jamaa wengi wa Mbeya na Iringa hukodi nyumba ya kupumzikia kwa siku chache, wengine ufukoni Matema kwenye Ziwa Nyasa, wengine Tukuyu karibu na njia ya Ziwa Ngozi, na wengine Tungamalenga, kijiji ambacho wageni wa Hifadhi ya Ruaha hulala kabla ya kuingia mbugani alfajiri. Na aghalabu mapatano hayo hufanywa kwa simu, nyumba ikionekana katika picha tu, na arbuni ikitumwa kwa mtu ambaye mgeni hajapata kumwona uso.

Tuseme mama mmoja wa Kihesa, Iringa, ametuma shilingi 450,000 kwa ajili ya nyumba ya Matema. Anafika jioni na watoto, anakuta nguo za wageni wengine zimeanikwa barazani, na msimamizi anamwambia, "Pole sana mama, bosi alipokea watu jana, hela yako utarudishiwa wiki ijayo." Wiki ijayo inapita, na ya pili, na simu inaita hata ikakatika.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani kwamba mahakama ni ya mirathi na ndoa, na kwamba atakayekwenda huko kudai laki nne na nusu atatumia laki sita kumlipa wakili. Dhana hiyo ni dhulma ambayo mtu hujifanyia mwenyewe. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, imeipa Mahakama ya Mwanzo mamlaka ya kusikiliza daawa ya deni litokanalo na mkataba, maadamu thamani yake haizidi shilingi milioni 30. Na fedha iliyopokelewa pasipo nyumba kutolewa ni deni la namna hiyo. Majirani zetu wa Kenya waliunda mahakama mahsusi ya madai madogo kwa sheria ya mwaka 2016, ambamo shauri hutakiwa kwisha ndani ya siku 60. Kwetu sisi mlango wa mtu wa kawaida ni Mahakama ya Mwanzo, ambako mdai aweza kujisemea mwenyewe kwa Kiswahili bila ya wakili. Asiyejua pa kuanzia na amwendee msaidizi wa kisheria, ambaye kazi yake inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Lakini mahakama ipi? Si ile iliyo jirani na mdai. Daawa hufunguliwa pale mgogoro ulipozuka au pale anapokaa mdaiwa. Basi mama wa Kihesa sharti afunge safari hadi wilaya ya Kyela, au mjini Mbeya ikiwa mwenye nyumba anakaa huko. Wala asipeleke shauri hili Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa sababu tu limetajwa neno nyumba, kwani yeye hagombei milki wala upangaji, anadai fedha yake.

Kwa maoni yetu, daawa ya namna hii hushinda au hushindwa siku ile ile ya tukio, muda mrefu kabla ya hakimu kuiona. Mkataba wa mdomo ni mkataba halali, ila kuuthibitisha ndiyo kazi. Kwa hiyo usifute ujumbe wa malipo, kwa kuwa una tarehe, kiasi, na jina la aliyepokea, ambalo pengine silo la mwenye nyumba bali la dalali. Hifadhi tangazo na picha zilizokuvuta. Piga picha ya hali uliyoikuta. Chukua jina la shahidi aliyekuwapo. Kisha mwandikie mdaiwa barua ya madai ukimpa muda wa kulipa, nawe ubaki na nakala. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hairuhusu ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ulitoka katika simu.

Fauka ya fedha uliyotoa, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yakuruhusu kudai hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa ahadi, kama ile ziada uliyolipa gesti usiku ule, mradi una stakabadhi na hukwenda kujitafutia anasa kwa gharama ya mwenzako. Mwenye nyumba naye ana haki: mgeni aliyevunja kitanda au kuondoka bila kumaliza malipo aweza kudaiwa katika shauri hilo hilo.

Ikiwa nyumba yenyewe haikuwapo kabisa, huo ni utapeli, nenda polisi. Lakini polisi si mkusanyaji wa madeni, na mtu kutiwa ndani hakurudishi arbuni.

Ukishinda na mdaiwa asilipe, rudi mahakamani uombe kukazia hukumu, ili mali yake ikamatwe na kuuzwa. Mahakama haitafanya hivyo usipoomba. Asiyeridhika na hukumu, awe mdai au mdaiwa, ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Wilaya.