Shehena Hupita Njia Gani? Somo Litokalo Mlolongo

Ndugu zetu, katika barza za pwani husikiwa mara nyingi maneno haya: "Wageni wamekuja kutunyang'anya kazi zetu." Maneno haya yatakikana yapimwe kwa akili kabla ya kukubaliwa, na mahali pazuri pa kuyapimia ni mji wa Mlolongo.

Mlolongo umo katika Machakos, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Jina lake lahadithiwa kuwa limetokana na msururu wa malori yaliyokuwa yakingoja zamu kwenye mzani wa barabarani. Dereva aliyesimama hutaka chakula, hutaka malazi, hutaka fundi wa magurudumu. Kwa haja hizo wakaja wapishi, wenye maduka, mafundi na wenye kujenga nyumba za kupangisha, kutoka kila upande wa Kenya. Watu hao hawakuipunguza riziki ya mji, bali waliizidisha, kwani mwenye kufanya kazi ndiye huyo huyo mwenye kununua. Basi ni kosa kudhani kuwa kazi za mji ni mkate mmoja, kila ajaye akata kipande hata mwenyeji akose.

Hatari iko, lakini haiko kwa mgeni. Hatari ni njia ya biashara kuhama. Wazee wetu waliijua. Lamu ilikuwa bandari yenye neema kwa majahazi ya kusi na kaskazi. Reli ilipoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, biashara ya bara ikamiminika Mombasa, na Lamu ikabaki nyuma. Hapana mgeni aliyekwenda Lamu kumpokonya mtu kazi yake. Njia ndiyo iliyowapita.

Nasi zama hizi yametupata kama hayo. Reli mpya, iliyojengwa kwa mkopo wa Uchina, ilifunguliwa mwaka 2017. Agosti 2019 serikali ikaamrisha kuwa shehena ziendazo Nairobi na bara zichukuliwe kwa reli hiyo, zikatolewe Nairobi, katika bandari ya nchi kavu iliyoko Embakasi, si mbali na Mlolongo. Madereva, mawakala wa forodha, wenye maghala na mama wauzao chakula kwa madereva wakaona riziki zao zapanda reli. Watu wa Mombasa wakaandamana, na amri ikasitishwa Oktoba mwaka huo. Kisha Septemba 2022 Rais William Ruto akatangaza kuwa kazi ya kutoa shehena irudi Mombasa. Lakini zingatieni: wakala wa Mombasa aliyetaka kuifuata kazi yake ilimbidi ahame, na huyo, akipanga chumba Mlolongo, yeye ndiye mgeni.

Wala njia haihamishwi na serikali yetu peke yake. Jirani na Mlolongo, katika Athi River, pana viwanda vya kuuza nje vilivyowekwa chini ya sheria ya mwaka 1990. Nguo zilizoshonwa humo zilipata kuingia Marekani bila ya ushuru kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2000. Ilipofika tarehe 1 Januari 2005, mipaka ya kimataifa iliyozuia wingi wa nguo za Uchina na nchi nyingine ikaondolewa, na baadhi ya washonaji wa Kenya wakapoteza kazi. Hukumu ilikatwa mbali, na aliyeumia yuko kwenye cherehani.

Basi yatupasa mambo matatu.

Kwanza, tuwafunze vijana wetu ujuzi uwezao kusafiri: hesabu, sheria za forodha, ufundi wa mitambo na ubaharia. Mwenye kutegemea kukaa penye njia tu, njia ikihama hana kitu.

Pili, tumfanyie mgeni insafu katika ujira na katika kodi ya nyumba, kama tupendavyo wafanyiwe watoto wetu walioko Nairobi na Ghuba.

Tatu, tudai mashauri kabla ya njia kubadilishwa, wala tusingoje kulia baada yake. Mwaka 2019 sauti ya Mombasa ilisikiwa kwa kuwa watu walijua ni kipi walichokuwa wakinyimwa. Asiyejua shehena yapita wapi, na kwa amri ya nani, atamgombeza jirani yake kwa kosa lisilo lake.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe.