KUSAFISHA NA KUTUNZA FIMBO ZA GOLF



Wengi wanajua mtaa wa Golf kule Lubumbashi, lakini wachache wamefika kwenye uwanja wenyewe. Sisi watatu wa darasa la sita tulifika, si kwa kucheza, lakini kwa kubeba mifuko ya wachezaji. Kazi ile wanaiita kadi. Vakansi ya Noeli iliyopita tulipata pale minervali ya muhula wa pili. Kuna wenzetu wanaotuchekelea, wanasema ni kazi ya boyi. Basi leo tunataka kuonyesha kama iko na akili ndani.

1. Fimbo yenyewe

Sheria ya mchezo hairuhusu mchezaji kubeba fimbo kupita 14. Kila fimbo ina kichwa, mti mrefu wa chuma ao wa karboni, na mshikio wa mpira. Kwenye uso wa kichwa cha chuma kuna mifereji midogo. Sisi tulifikiri ni urembo tu. Kumbe hapana! Mifereji inapokea maji na majani, ili chuma kikamate mpira vizuri. Mpira unazunguka, ukianguka unasimama karibu. Udongo ukijaa mle, mpira unateleza usoni pa fimbo na kukimbia mbali. Mchezaji atalaumu mkono wake, kumbe kosa ni la kadi.

2. Namna ya kusafisha

Kwanza, tia maji ya vuguvugu na sabuni kidogo katika ndoo. Maji ya moto sana hapana, kwa sababu yanaweza kulegeza gundi inayoshika kichwa na mti. Maji yafunike uso wa chuma tu, yasifike kwenye kiungo.

Pili, ukisha kungoja dakika chache, sugua na brosi ya meno iliyozeeka. Brosi ya chuma inakwaruza. Udongo uliokauka ndani ya mifereji, utoe na kijiti cha mti, usitumie msumari.

Tatu, suuza, halafu pangusa mara moja na kitambaa kikavu. Hapa njo somo letu la kemia linaingia: chuma, maji na hewa vikikutana, kutu inazaliwa. Ile ngozi ya kung'aa inalinda chuma, lakini pahali ilipokwaruzwa, kutu inaanzia pale pale.

Nne, mshikio. Jasho na mafuta ya mikono vinaufanya uteleze. Uoshe na kitambaa chenye sabuni, kisha uanike kivulini. Jua kali linakausha mpira mpaka unapasuka. Petroli nayo inauharibu.

Tano, fimbo za zamani zenye kichwa cha mti usizitie katika ndoo hata kidogo. Mti unakunywa maji, unavimba. Pangusa na kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, paka nta.

Mwisho, hesabu fimbo mbele ya kufunga mfuko. Moja ikibaki kwenye majani, ni wewe watakayeuliza.

3. Jambo lililotupata

Siku moja ya posho mvua kubwa ilitukuta uwanjani. Mmoja wetu alikuwa na haraka ya kurudia nyumbani. Alirudisha fimbo katika mfuko na maji yao na udongo mwekundu, akafunga. Siku ya tatu ya juma, mwenyewe akafungua: madoa ya kutu kwenye chuma, na fimbo moja ya mti, iliyokuwa ya baba yake, imevimba na kupasuka. Mzee yule hakupiga kelele. Alisema tu, «Mtoto, kesho usikuje.»

Mwenzetu alikosa kazi, akakosa minervali. Tuligawanya yetu na yake, njo maana yuko darasani pamoja nasi leo. Lakini fimbo ya baba ya yule mzee, hakuna aliyeweza kuirudisha. Dakika kumi na kitambaa kikavu vingetosha.

Kwa hiyo, wandugu, kitu cha mtu kikiwa mkononi mwako, kikaushe mbele ya kukifunga. Hata majembe yetu ya salongo yanangojea jambo lile lile!

Maulizo
1. Mifereji ya uso wa fimbo inafanya kazi gani?
2. Kwa nini maji ya moto sana ni mabaya?
3. Nani katika darasa lako alipangusa jembe lake juma hili?