Ini lenye mafuta: Je, vidonge vya vitamini ndiyo dawa?

Hapa Mtoni si ajabu siku hizi kumkuta mtu aliyepimwa kwa ultrasaundi akaambiwa ini lake lina mafuta. Akitoka hapo hupita duka la dawa kununua vidonge vya vitamini E au C, kwa kuwa amesikia kwamba antioksidanti husafisha ini. Jioni hunywa soda na kula chipsi kama kawaida. Je, mtu huyu anajitibu?

Mafuta ya ini hutoka wapi?

Wengi hudhani mafuta yaliyo kwenye ini ni yale tu tunayokula. Si hivyo. Ini ni kiwanda. Sukari na wanga vikizidi mahitaji ya mwili, ini hugeuza ziada hiyo kuwa mafuta. Soda moja ya mililita 350 ina sukari takriban gramu 35, yaani vijiko vidogo 8 au 9. Mafuta yakizidi asilimia 5 ya ini, mtu huhesabiwa kuwa na ini lenye mafuta.

Kazi ya antioksidanti

Kila mama wa nyumbani anajua kwamba mafuta yakikaa wazi muda mrefu huchacha. Ndani ya ini pia mafuta huweza kuchacha, yakishambuliwa na chembe haribifu ambazo mwili wenyewe huzizalisha. Antioksidanti ni walinzi wanaozuia jambo hilo. Walinzi wakipungua, seli za ini huumia, ini huvimba, na hatimaye huweza kuota makovu.

Mwaka 2010 yalitangazwa Marekani matokeo ya utafiti uliohusisha watu wazima 247 wenye ini lenye mafuta na uvimbe, wasio na kisukari. Waliopewa vitamini E uniti 800 kwa siku kwa wiki 96, asilimia 43 walipata nafuu, ilhali kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ni asilimia 19.

Upande wa pili

Hata hivyo, jambo hili lina upande wa pili. Ini hufunga sehemu ya mafuta yake katika vifurushi na kuvipeleka kwenye damu. Vifurushi hivyo ndivyo vinavyozaa lehemu mbaya inayoziba mishipa ya moyo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walionyesha, kwa kutumia seli za ini na panya, kwamba mafuta yakichacha kiasi ndani ya seli, ini huharibu protini ya kufungia vifurushi hivyo, na vinavyotoka hupungua. Panya walipopewa vitamini E, vifurushi viliongezeka. Panya si binadamu, lakini tunajifunza kuwa antioksidanti nyingi kupita kiasi si lazima ziwe heri.

Aidha, mwaka 2011 utafiti mwingine wa Marekani, uliohusisha wanaume zaidi ya 35,000, ulionyesha kuwa waliokunywa vitamini E uniti 400 kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wasioinywa.

Tufanye nini?

Kwanza, tupunguze kinachozalisha mafuta: soda, juisi za sukari, chai yenye vijiko vinne, na sahani kubwa ya wanga mtupu. Wakati wa futari tusianze na sharubati na kumalizia na kaimati.

Pili, antioksidanti tuzitafute kwenye chakula. Mchicha, matembele, kisamvu, nyanya, karoti, mapera na machungwa vinapatikana sokoni kwa bei nafuu kuliko vidonge. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi mpaka yakawa meusi yameshachacha kabla hata hayajafika tumboni, tuyaepuke.

Tatu, tutembee na kupunguza uzito. Mwenye kilo 90 akipunguza 5 tu, mafuta ya ini huanza kushuka. Akipunguza 7 hadi 9, hata uvimbe huweza kupungua.

Nne, anayetaka vitamini E kama dawa amuone daktari kwanza, hasa mwenye kisukari, mwanamume mtu mzima au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Hivyo basi, kidonge hakiwezi kufuta kazi ya soda. Kiwanda husimama pale tunapoacha kukiletea malighafi.